Kulinda gari la rali na trela lake safarini: mwongozo kamili kuanzia karakana hadi kurudi nyumbani

Gari la rali likiwa kwenye mashindano linatazamwa na kila mtu. Likiwa njiani, limefungwa juu ya trela nyuma ya pikapu, linatazamwa na dereva aliyechoka na fundi anayesinzia pembeni yake, na usiku halitazamwi na mtu kabisa. Mwongozo huu unahusu saa hizo. Nimeuandika kwa ajili ya timu ndogo za kwetu zinazosafirisha gari kwa barabara: Dar es Salaam kwenda Iringa, Arusha kupitia Namanga hadi Naivasha kwenye Safari Rally, Nairobi kwenda Uganda kwa rali ya Pearl of Africa, Kampala kwenda Rwanda kwa rali ya Mountain Gorilla. Timu za ubingwa wa dunia huja na makontena na walinzi wao. Sisi tuna minyororo, makufuli na watu watano, na hivyo vinaweza kutosha vikipangwa.

Kwanza, jua mwizi anataka nini

Watu wa rali hupenda kusema kwamba gari lao haliibiki kwa sababu hakuna pa kuliuza. Lina namba ubavuni, lina majina ya dereva na msoma ramani kwenye kioo, lina fremu ya chuma ndani, na kila aliye kwenye mchezo huu analijua. Ni kweli, na ndiyo sababu gari lenyewe mara nyingi si shabaha. Shabaha ni trela, ambalo likipakwa rangi mpya litabeba chochote. Shabaha ni boksi la spana, mashine za betri za kufungulia nati, jenereta, kompresa, jeki, matairi, mikanda ya kukazia mzigo na dizeli iliyomo kwenye tangi la lori.

Kuna jambo la kuumiza zaidi. Mwizi asiyejua anachokibeba ni hatari kuliko anayejua. Shokapu ya rali haiingii kwenye Probox wala Noah, kwa hiyo akishaiiba na kukosa mteja ataipeleka kwenye vyuma chakavu. Giaboksi uliyoichangia fedha miaka miwili inauzwa kwa kilo. Kwa hiyo usijilinde kwa kudhani kwamba vitu vyako havina soko. Jilinde kwa kumnyima mwizi muda, giza na faragha, maana hakuna kufuli lisilokatika. Grainda ya betri hukata karibu kila kitu. Unachonunua dukani ni dakika, na unapopanga maegesho unahakikisha dakika hizo zinapita kwa kelele mbele ya macho ya watu.

Hatua ya 1: Orodha na alama, wiki moja kabla ya safari

Kazi hii inachosha na ndiyo inayorukwa na wengi. Fanya hivi. Toa kila kitu kwenye trela na ukipange chini. Piga picha kila kifaa, kisha piga picha ya karibu ya namba yake. Kwenye gari lenyewe andika namba ya chesisi, namba ya injini, namba ya kibao cha fremu ya usalama, na namba za lebo za FIA (shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari) zilizo kwenye viti na mikanda. Kama wakaguzi walishafunga mihuri kwenye turbo au giaboksi, andika na namba za mihuri. Trela lina namba yake ya chesisi pia, kwa kawaida imegongwa kwenye fremu karibu na ulimi wa mbele. Ikiwa imefunikwa na rangi au kutu, isafishe uione. Trela lililotengenezwa na fundi wa mtaani lisilo na namba yoyote ligongewe alama yako sehemu mbili: moja inayoonekana, nyingine iliyofichika chini ya sakafu.

Piga pia picha za makovu: welding isiyonyooka, tundu lililozibwa, bati lililopinda. Namba hufutwa kwa grainda kwa dakika chache, lakini mwizi hajui kwamba wewe unaukumbuka ule mshono wa welding nyuma ya kiti cha kushoto. Siku ya kuthibitisha kwamba mali ni yako, mshono huo utakusemea polisi.

Weka orodha na picha sehemu mbili: kwenye simu ya kiongozi wa timu na kwa mtu aliyebaki nyumbani. Orodha hiyohiyo itakufaa mpakani, ambako maofisa wa forodha huuliza spea ulizobeba ili wahakikishe zinarudi zilikotoka.

Hatua ya 2: Makufuli, kwa mpangilio unaoeleweka

Anza na kiungio, kile kikombe cha mbele ya trela kinachokaa juu ya tufe la chuma nyuma ya pikapu. Nunua kufuli linaloziba kikombe chote na kufunika mkono wa kufungulia. Vipini vyembamba vinavyopita kwenye tundu la mkono huvunjika kwa nyundo. Kiungio kinahitaji kufungwa hata trela likiwa limeungana na pikapu, maana mtu anaweza kulitoa kwako na kulihamishia kwenye gari lake usiku huohuo.

Lakini kufuli la kiungio peke yake halitoshi. Mwizi mwenye haraka hulifunga trela kwa mnyororo na kuliburuta. Kwa hiyo funga na magurudumu. Kuna vibano vya chuma vinavyoshika tairi zima, na kwa trela la ekseli mbili mnyororo unaopita kwenye rimu zote mbili hufanya kazi nzuri. Mnyororo uwe wa chuma kilichokomazwa, unene wa milimita 12 au zaidi. Ule wa kawaida wa dukani hukatwa na mkasi wa vyuma kwa mkono. Uvute ubane, usiache ukining'inia hadi chini, kwa sababu mwenye mkasi huegemeza mkono mmoja wa mkasi ardhini na kukandamiza mwingine kwa uzito wa mwili wake wote. Kufuli liwe la aina ambayo shingo yake imefichwa ndani ya mwili wake.

Funga kitambaa chekundu kwenye usukani wa pikapu kila unapofunga magurudumu. Asubuhi ya saa kumi na moja, watu wakiwa na usingizi, ni rahisi kuondoka na kibano kikiwa kwenye tairi.

Sasa gari lenyewe. Magari mengi ya rali hayana ufunguo: unawasha swichi kuu, unabonyeza kitufe, linanguruma. Basi chomoa usukani, ambao kwenye magari haya hutoka kwa mkono, ulale nao chumbani. Tenganisha betri. Liache likiwa kwenye gia ili lisisukumike. Kisha pitisha mnyororo kwenye sehemu ya chesisi na pete zilizochomelewa sakafuni mwa trela. Mikanda ya kukazia hukatwa kwa kisu.

Pikapu au lori linalokokota nalo lisisahauliwe, maana anayeliiba ameiba vyote kwa mkupuo. Mpe fundi umeme akuwekee swichi ya siri inayokata pampu ya mafuta. Fanya hivyo karakana ya mtu unayemwamini, na wanaojua ilipo wawe wawili tu. Funguo za makufuli zisikae kwenye kishada kimoja na ufunguo wa gari. Seti ya pili ibebwe na mtu aliye kwenye gari jingine.

Hatua ya 3: Traka mbili, na mtu wa kuzisikiliza

Traka moja (kifaa kinachokuonyesha gari liko wapi) iunganishwe na umeme wa pikapu. Ya pili, yenye betri yake, ifichwe kwenye trela. Usiifungie ndani ya boksi la chuma, kwa sababu mawimbi ya setilaiti hayapenyi chuma. Nyuma ya plastiki ya taa au chini ya kifuniko cha plastiki ni mahali pazuri zaidi. Traka za betri hutuma taarifa mara chache kwa siku ili kutunza chaji, lakini nyingi huweza kupangwa ziamke zikitikiswa.

Jambo la kwetu hasa: laini ya simu iliyomo ndani ya traka. Traka iliyofanya kazi vizuri kutoka Moshi hadi Namanga inaweza kunyamaza ikivuka mpaka kwa sababu laini yake haikuwashiwa huduma ya nje ya nchi. Uliza kampuni, kisha jaribu mwenyewe mara tu unapovuka, kabla ya kuendelea na safari. Vile vitufe vidogo vya Apple vya kutafutia mizigo hutegemea simu za Apple zinazopita karibu. Nairobi au Masaki vitakusaidia. Kwenye barabara ya porini usiku havina wa kuwasiliana naye. Tena humwarifu mwizi mwenye iPhone kwamba anafuatwa. Vitumie kama nyongeza.

Taarifa za traka zitumwe kwa nani? Timu nyingi huzipeleka kwa kiongozi wa msafara, ambaye usiku wa manane ndiye amelala usingizi wa pono baada ya saa kumi na nne barabarani. Zitume na kwa mtu aliye nyumbani, asiyesafiri, mwenye simu iliyo wazi usiku kucha na namba za watu wote wa timu. Mwambie pia kwamba traka ikinyamaza ghafla bila sababu, hiyo nayo ni taarifa. Kuna wezi wanaobeba vifaa vya kuziba mawimbi.

Hatua ya 4: Bima na karatasi

Usiridhike na maneno ya wakala. Bima kubwa ya gari kwa kawaida haihusu mashindano, na mara nyingi haihusu vitu vilivyomo ndani ya trela. Muulize kwa maandishi, ajibu kwa maandishi: gari likiwa limebebwa, si kuendeshwa, linalindwa? Vifaa na spea vimo? Trela likiegeshwa usiku bila mtu, na likiwa nchi jirani, je? Kama kuna sharti la kufuli au uzio, litimize na ulipige picha kila usiku. Kadi ya njano ya COMESA unayoionyesha ukivuka mpaka inahusu madhara utakayosababisha kwa wengine. Haitakulipa spana hata moja.

Na kuna mtego ambao wengi hawaujui. Gari lililoingia nchi jirani kwa kibali cha muda cha forodha, au kwa kitabu cha kusafirishia magari kinachotolewa na vyama vya madereva kama AA ya Kenya, linatakiwa litoke. Likiibwa huko, kwenye vitabu vya forodha linaonekana limebaki, na unaweza kudaiwa ushuru wa gari ambalo huna tena. Ripoti ya polisi ndiyo utetezi wako.

Hatua ya 5: Barabarani

Ondoka alfajiri, si usiku. Panga mwisho wa siku uwe kabla ya jua kuzama, hata kama inamaanisha kulala njiani. Kuanzia Dar hadi Arusha ni zaidi ya kilomita 600 na trela halikimbii. Anayetaka kufika Naivasha kwa mkupuo mmoja anajitengenezea usiku wa hatari mwenyewe.

Magari mawili ni bora kuliko moja, na la pili likae nyuma ya trela. Kwenye vilima virefu kama Kitonga au miteremko ya Mai Mahiu, malori huenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, na mwendo huo unamtosha kijana mwepesi kudandia na kukata turubai. Aliye nyuma ndiye atakayemwona.

Kula kwa zamu. Nusu wakae na gari, nusu waingie hotelini, kisha wabadilishane. Mizani, foleni ya mpakani na kituo cha mafuta ni sehemu ambazo kila mtu huteremka kunyoosha miguu kwa pamoja, na milango hubaki wazi. Helmeti na nguo za kuzuia moto zisikae kiti cha nyuma mahali zinapoonekana: mkoba wake unafanana na wowote wenye kitu cha thamani ndani.

Ukipata pancha, usisimame palepale kama pana kichaka na kimya. Rimu iliyoharibika ni hasara ndogo. Sogea polepole hadi penye watu na taa. Na abiria wa lifti, hapana, hata kama amevaa fulana ya rali.

Hatua ya 6: Usiku mmoja gesti

Hapa ndipo pa kutumia akili yako yote. Piga simu kabla, usisubiri kufika. Uliza: trela la mita kadhaa linaingia ndani ya ukuta na kugeuka? Geti ni moja au mawili? Linafungwa saa ngapi? Taa zinawaka usiku kucha, na umeme ukikatika kuna jenereta? Kamera zinarekodi au ni za kutazama tu? Omba picha ya maegesho kwa WhatsApp. Hoteli nzuri yenye maegesho ya nje kando ya barabara ni mbaya kwako kuliko gesti ya kawaida yenye ukuta na mbwa.

Ukifika, egesha hivi. Mlango wa nyuma wa trela uelekee ukutani, karibu kiasi kwamba haufunguki. Mkiwa na matrela mawili, yaegesheni mgongo kwa mgongo. Trela libaki limeungana na pikapu, magurudumu ya mbele ya pikapu yakiwa yamekatwa kona hadi mwisho, na gari la pili liegeshwe mbele yake lizibe njia. Wapo wanaosema ni heri kutenganisha trela. Mimi naona trela lililo peke yake linangoja tu mtu mwenye pikapu. Mkikaa zaidi ya usiku mmoja mahali pamoja, toeni tairi moja la trela, liwekeni juu ya stendi, tairi liingie chumbani. Mafundi wa rali hubadili tairi kufumba na kufumbua, hiyo si kazi kwao, lakini aliyekuja kuvuta na kuondoka ataghairi.

Zungumza na mlinzi kabla jua halijazama. Mpe heshima yake: msalimie, muulize jina, zamu inabadilika saa ngapi na nani anampokea. Mwonyeshe gari, mpe namba mbili za simu, mwambie wazi kwamba hakuna mtu wa timu atakayekuja kuchukua kitu usiku, na yeyote atakayesema katumwa apigiwe simu kwanza. Mpe kitu kidogo jioni na kikubwa zaidi asubuhi. Chai ya asubuhi humfanya mtu akeshe. Muombe meneja aandike kwenye daftari la geti kwamba gari na trela vimeingia, na namba zake.

Mkiamua mtu wenu alale ndani ya kabini, basi apeane zamu na wenzake na ajue kazi yake ni simu na honi. Asitoke kupambana. Hakuna giaboksi inayostahili kisu tumboni.

Picha za mitandaoni nazo ni sehemu ya usiku huu. Wadhamini wanataka kuonekana, na ni haki yao. Lakini picha ya gari mbele ya bango la gesti, saa mbili usiku, ni mwaliko. Ipige leo, iweke kesho mkishaondoka.

Hatua ya 7: Kwenye mashindano yenyewe

Usiku wa mashindano gari hulazwa kwenye eneo lililofungwa na waandaaji, ambako hata fundi wenu haruhusiwi kuligusa. Gari liko salama, na hapo timu hulegea. Wakati huo hema la matengenezo limebaki na kila kitu kinachouzika: matairi mapya, jenereta, mashine za betri, mafuta ya mashindano. Kwa kawaida kanuni za mashindano humwachia mshiriki jukumu la mali yake, hata kama kuna uzio na askari.

Kila jioni rudisha vifaa kwenye trela kwa kufuata ile orodha, kifaa kwa kifaa, na aliyehesabu aseme kwa sauti. Weka mtu mmoja hemani muda wote, hasa pale gari linapoingia kutengenezwa: wakati huo watazamaji husogea, kila fundi ameinamisha kichwa chini ya boneti, na begi lililo nyuma ya hema ni la mtu yeyote. Kubaliana na timu ya jirani mlindiane.

Hatua ya 8: Safari ya kurudi

Usiku wa Jumapili baada ya kumaliza ndio unaonitia hofu kuliko yote. Watu wamekesha siku tatu, walioshinda wanasherehekea, gari limevunjika na limepakiwa harakaharaka, makufuli yamo mfukoni mwa mtu asiyejulikana. Panga kabla ya mashindano nani hatakunywa siku hiyo, na mlipe au mpumzishe siku nyingine. Lala palepale mlipokwisha pazoea, na mwondoke Jumatatu asubuhi. Makufuli yote yarudi, hata kama gari limebaki ganda tupu.

Hatua ya 9: Kikiibwa

Saa ya kwanza ina thamani kubwa. Mmoja apige polisi: 112 Tanzania, Kenya na Uganda 999 au 112. Mwingine afungue traka. Wa tatu asimame mahali palipoibwa, asiruhusu mtu kukanyaga. Kituoni hakikisha mnapewa namba: RB kwa Tanzania, OB kwa Kenya. Bila namba hiyo bima, forodha na polisi wa nchi jirani hawana pa kuanzia. Wapeni namba za chesisi za gari na trela, na kama kuna dalili ya kuvushwa mpaka, ombeni ofisi ya Interpol nchini iingize taarifa kwenye kanzidata ya magari yaliyoibwa.

Kisha tumeni picha kwenye makundi ya rali ya nchi zote za jirani, kwa mafundi na kwa wauza spea mnaowajua Gerezani ya Dar, Grogan ya Nairobi na Kisekka ya Kampala. Msisahau wanunuzi wa vyuma chakavu wa mji ule mlioibiwa. Wapitieni kwa miguu, mkiwa na picha ya spea mkononi na namba ya simu iliyoandikwa kubwa. Ahidini zawadi, msiulize maswali ya kumtisha mtu, na anayedai fedha kwanza mpelekeni kwa mpelelezi.

Traka ikionyesha mahali, msiende wenyewe. Nendeni na polisi, mkiwa na orodha na picha za makovu. Gari likipatikana, msiliguse hadi wachukue alama za vidole na kupiga picha zao. Baada ya hapo, kabla ya kulivuta hata mita mia, kagueni nati za magurudumu, kiungio, breki na taa za trela, maana aliyelifungua kwa haraka gizani huenda alikwishaanza kulegeza kitu.